Msitu wa Allegheny na Daftari la Mwindaji

Upande wa kaskazini-magharibi wa jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, uko msitu wa taifa uitwao Allegheny. Ukubwa wake wapata eka 513,000, nao umeenea katika wilaya nne: Elk, Forest, McKean na Warren. Msitu huo ni mali ya umma. Mtu yeyote mwenye leseni ya uwindaji ya jimbo, awe tajiri au kibarua, aweza kuingia humo katika majira yaliyowekwa na kumwinda ayala bila kumwomba mwenye shamba ruhusa. Ayala ni mnyama afananaye na paa kwa umbo, ila pembe za dume huanguka na kuota upya kila mwaka. Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, ruhusa hiyo yaweza kuonekana kuwa neema isiyo na jasho. Lakini anayeujia msitu huo mara ya kwanza hutambua upesi kwamba kitu kilicho cha watu wote hakimwonyeshi mtu njia.

Kazi ya mwindaji hodari haianzi siku bunduki zinapolia. Huanza mwezi wa Machi au Aprili, theluji inapoyeyuka. Wakati huo majani hayajachipuka, na alama za majira yaliyopita zingali wazi juu ya ardhi. Kwanza hukaa nyumbani na ramani. Hutafuta mahali ambapo mgongo wa kilima washuka kidogo kati ya vilele viwili, kwa kuwa ayala, kama mchukuzi mwenye mzigo, hupenda kuvukia mahali pasipomchosha. Kisha huzitia alama njia za motokaa. Njia hizo ni nyingi, maana haki ya mafuta na gesi chini ya sehemu kubwa ya msitu ni ya watu binafsi, nao wamepasua barabara kwenda kwenye visima vyao. Wawindaji wengi hawapendi kwenda mbali na barabara. Basi yeye huchagua bonde lililo mbali nazo zote.

Akiisha kufika huko hutembea polepole, dira mkononi, kwani mabonde hufanana, na katika mengi ya hayo simu haishiki. Macho yake hutazama chini na kando. Hapa dume amesugua pembe zake kwenye mti mchanga hata gome likabanduka; alama kama hizo zikifuatana, huonyesha njia yake. Pale, chini ya tawi lililoinama, ardhi imeparuzwa kwa kwato, dalili kwamba mwezi wa Novemba, wakati wa kutafuta majike, dume alipita na kurudi. Kwenye kichaka kizito chini ya ukingo wa kilima majani yamelaliwa. Kutoka hapo mnyama huona bonde lote, na upepo humletea habari za nyuma yake.

Mambo hayo yote mwindaji huyaandika katika daftari: tarehe, upepo, na aina ya mti. Hayaandiki kwa kujifurahisha. Mwaka mialoni inapozaa sana, ayala hukusanyika chini yake. Mwaka unaofuata huenda isizae, na mahali pale pale pakawa patupu. Mwenye kumbukumbu za mwaka mmoja hudanganyika. Mwenye za miaka mitano huanza kujua.

Lakini mwenye macho huona jambo jingine ambalo hakulitafuta. Mahali pengi miti mikubwa imesimama vizuri, na chini yake hakuna mche hata mmoja, ila zulia la kangaga. Miche michache iliyopo imekatika ncha. Ayala hana meno ya mbele katika taya la juu, kwa hiyo hukwanyua kijiti kikabaki kimechanika; sungura hukikata kama kwa kisu. Ncha hizo zimechanika. Wanyama wale wale anaowawinda ndio waliokula watoto wa msitu.

Asili ya jambo hilo ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, makampuni yaliikata miti ya nchi hiyo karibu yote. Magome ya mihemloki yalipelekwa katika viwanda vya ngozi, na magogo yakachukuliwa kwa reli. Ayala nao waliwindwa bila kiasi hata wakakaribia kwisha. Hakuna aliyehesabu kilichotoka wala kilichobaki. Jimbo liliunda halmashauri ya wanyama mwaka wa 1895. Mwaka wa 1906 ayala walianza kuletwa kutoka nje, na mwaka wa 1907 sheria ikakataza kuwaua majike. Mwaka wa 1923 msitu wa taifa ukaanzishwa katika ardhi ile iliyokuwa vichaka na visiki.

Vichaka vile vilikuwa chakula tele. Ayala wakaongezeka kupita kiasi, wakala miche, na kangaga wakachukua nafasi. Wataalamu wa misitu walipotaka majike yapunguzwe, wawindaji wengi walikataa, kwani walikuwa wamelelewa katika imani kwamba kumwua jike ni aibu. Ubishi huo ulidumu miaka mingi. Hata katika karne hii, mahali pengine miti michanga hainusuriki ila kwa kuzungushiwa uzio.

Tangu mwaka wa 2019, majira ya bunduki hufunguliwa Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Alfajiri hiyo watu huingia msituni wamevaa rangi ya machungwa yenye kung'aa, ili mtu asidhaniwe mnyama. Wengi hutamani pembe kubwa. Lakini yule aliyelitembea bonde lake tangu Machi amekwisha kuona kangaga na ncha zilizochanika, naye amechukua kibali cha jike pia. Jike akitokea kwanza, hamwachi apite kwa sababu ya fahari ya pembe. Asipotokea mnyama yeyote, huandika hilo nalo, kisha hurudi motokaani kwa miguu.

Msitu huu uliharibiwa na watu waliochukua bila kuhesabu, na huponywa na wanaohesabu kabla ya kuchukua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mtu mmoja ina mlinzi wake. Mali ya watu wote yataka madaftari mengi zaidi.