Bute: Mji Ambao Historia Yake Imo Madukani

Je, msomaji, umewahi kujiuliza mji huanzaje? Sisi tuliozoea Nairobi na Mombasa hudhani mji ni barabara ya lami na majumba ya ghorofa. Jumapili hii fuatana nami hadi Bute, kaskazini mwa Kaunti ya Wajir, karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia. Huko utaona kwamba mji waweza kuanza kwa duka na kibaraza chake.

Tupitie kwanza Wajir mjini. Mwaka wa 1912 Waingereza waliweka kituo chao hapo, penye visima ambavyo wafugaji walikuwa wakinyweshea ngamia wao tangu zamani. Ukielekea kaskazini, nchi tambarare huanza kuinuka polepole hadi ufike kwenye vilima vya Bute na Gurar. Mvua ya huko ni nyingi kuliko ile ya sehemu nyingine za Wajir. Palipo na mvua pana malisho; palipo na malisho pana mfugaji; na palipo na mfugaji hapakosi muuza sukari na majani ya chai.

Usiende huko ukitarajia milango ya nakshi kama ya Lamu. Duka la zamani la miji ya kaskazini ni jengo la chini, lenye paa la mabati, kibaraza mbele na ghala nyuma. Hata hivyo, kila sehemu ina sababu yake. Kibaraza ni kivuli cha mteja aliyetembea tangu alfajiri. Ghala ni kubwa kwa sababu mvua ikinyesha lori laweza kukwama njiani siku nyingi, na mji mzima ukategemea kilichomo ndani.

Majengo hayo yana historia nzito. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Biashara ikawa mikononi mwa wachache waliokubaliwa, yaani Wasomali, Waarabu na Wahindi, na maduka yakasongamana karibu na vituo vya serikali. Baada ya uhuru, Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa. Vita vya shifta vilipiganwa hadi 1967, lakini sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi 1991. Basi usishangae kumsikia mzee wa kaskazini anayesafiri kwenda Nairobi akisema, "Nakwenda Kenya."

Miaka yote hiyo mwenye duka alikuwa zaidi ya muuzaji. Alikuwa na daftari. Ukame ulipokuja na mifugo ikakonda, mfugaji alichukua unga na sukari kwa deni, akalipa mvua iliporudi na mnyama akapata bei. Hakukuwa na wakili wala karatasi ya benki, ila jina na neno la mtu. Kibarazani ndiko habari za malisho, visima na bei za mifugo zilikopatikana.

Siku hizi mambo yamebadilika. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na kuta za maduka mengi nchini zikapakwa rangi ya kijani. Kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, miji midogo ilianza kupanuka. Mwenye duka akitaka kubomoa jengo la babu yake ili ajenge la vyumba vingi vya kupangisha, nani atamlaumu? Ana watoto wa kusomesha.

Hatari iko hapa: tumezoea kuhifadhi majengo mazuri tu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, na ulistahili. Sheria yetu ya urithi ya mwaka wa 2006 yaweza kulinda hata jengo la mabati, ikiwa kuna atakayesema kwamba lina thamani. Kwa duka la Bute, nani atasema?

Wewe mwanafunzi, waweza kuanza. Ukienda likizo kwa nyanya yako, iwe ni Bute au Bungoma, tafuta duka kongwe kuliko yote. Lipige picha, lipime kwa hatua, kisha mwombe mwenyewe akuambie nani alilijenga na nani alikopa humo. Nawe wa Nairobi, anzia Mtaa wa Biashara, ulioitwa zamani Bazaar Street.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maduka haya ndiyo daftari letu, na kurasa zake zinachanika moja moja.