Majalada Yalipogawanywa

Nilianza kazi ya probesheni kaskazini mwa Uingereza mwaka 1989, mimi mtoto wa Kisauni niliyekwenda kusoma nikaolewa huko huko. Ofisini bado walikuwa wakiitaja sheria ya mwaka 1907, iliyomtaka afisa amshauri mkosaji, amsaidie na awe rafiki yake.

Mwaka 2014 Waziri wa Sheria, Chris Grayling, alizivunja bodi 35 za probesheni za Uingereza na Wales. Wakosaji waliohesabiwa kuwa hatari sana walibaki kwa serikali. Waliosalia, ambao ndio wengi, walipewa kampuni 21, na mapema 2015 kampuni hizo zikakabidhiwa wenye mitaji. Sisi tuliletewa barua tu. Mwenzangu wa meza ya pili akabaki serikalini, mimi nikaangukia kampuni.

Nilikuwa na kijana mmoja, mlevi, mdokozi wa madukani, niliyemjua tangu mamake yu hai. Siku moja akaanza kumtishia mpenzi wake. Zamani ningevuka ukumbi nikazungumza na mkubwa wangu, shauri likakatwa kabla ya chai ya saa nne. Sasa ilinibidi nijaze fomu ndefu ya kumpandisha daraja la hatari, niipeleke upande wa serikali, ningoje. Walipokubali, wakamchukua. Kuanzia hapo sikuwa na ruhusa hata ya kumwita. Akaanza upya kumsimulia mgeni habari za mamake.

Sheria mpya iliyokuja na mgawanyo huo ilituletea hata waliofungwa wiki mbili tatu, ambao awali walitoka bila mwangalizi. Nia yake ilikuwa njema, sikatai. Lakini walifunguliwa Ijumaa mchana na pauni 46 mfukoni, kiasi kile kile cha tangu miaka ya tisini, pa kulala hawana, nami nilitakiwa niwapigie simu kila wiki sita.

"U mzima?"

"Mzima."

Natia alama, mkataba umetimizwa.

Mwaka 2019 mkaguzi mkuu wa probesheni, Glenys Stacey, aliandika kwamba mfumo ule hautengenezeki, na Juni 2021 serikali ikairudisha kazi yote mikononi mwake. Nilikwisha kustaafu. Wenzangu wa siku nyingi walikuwa wametawanyika, huyu anafundisha, yule analea wajukuu. Niliombwa nije siku mbili kwa wiki kuwaelekeza maafisa wapya, vijana wenye adabu na bidii. Swali lao la kwanza lilikuwa fomu ipi ijazwe.