Kuta Zipakwazo kwa Viganja: Kutoka Migori hadi Homa Bay

Wasomaji wetu wapendwa, na hasa kina mama ambao ndio nguzo za nyumba zetu, juma hili twawaletea habari za safari. Ndugu zetu Waislamu wa Migori na Homa Bay walitualika tukatoe darsa katika misikiti yao. Tulifuatana na ahali yetu, na kwa siku tisa tulilala katika nyumba zao na kula nao sinia moja. Habari za darsa tutaziandika siku nyingine, inshallah. Leo twataka kuzungumzia jambo ambalo hatukuliendea bali tulilikuta huko: namna nyumba zinavyopambwa kwa mikono ya wenyewe, kwa udongo na kwa uzi, na faida tuwezayo kuipata sisi wa pwani ambao siku hizi pambo letu hutoka dukani.

Anayeshuka kutoka Kisii hupita Rongo na Awendo, miwa imetanda kulia na kushoto, mpaka afike Migori, mji ulio kwenye barabara kuu iendayo Isebania, mpakani mwa Tanzania. Mji wenyewe ni wa maduka ya saruji na kelele za bodaboda, kama miji yetu mingine. Lakini ukiiacha lami na kuingia vijijini, utaziona nyumba za udongo zilizopakwa rangi mbili au tatu: chini mkanda mweusi au mwekundu, juu yake rangi ya maziwa, na katikati alama za mawimbi ambazo ukizikaribia utazitambua kuwa ni nyayo za vidole vya mtu.

Kwa desturi ya Wajaluo, mwanamume ndiye asimamishaye miti na kuezeka, na mwanamke ndiye apakaye kuta. Kazi hiyo ina daraja zake. Kwanza hukandikwa udongo mzito kuziba nafasi baina ya fito. Ukikauka hupasuka, na mipasuko hiyo huzibwa kwa mkando wa pili, wa udongo uliochekechwa na kuchanganywa na samadi ya ng'ombe ili ushikamane. Mkando wa tatu ndio wa urembo, nao ni mwembamba kama uji: udongo mwekundu, au mweupe, au jivu, au masizi ya mkaa, kila mmoja kwa rangi yake. Hupakwa kwa kiganja kwa mwendo wa nusu duara, na kabla haujakauka mpakaji hupitisha vidole vyake vinne kwa pamoja, na hapo ndipo yale mawimbi hupatikana. Hapana brashi wala kipimo. Urefu wa mkono wa mpakaji ndio kipimo, na kwa sababu hiyo kuta za nyumba mbili hazifanani kamwe.

Hapa baadhi yenu mtauliza juu ya samadi, na swali ni la haki. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, samadi ni najisi, ijapokuwa wenzetu wa Maliki na Hanbali huihesabu kuwa tohara ikiwa ya mnyama aliwaye. Tuliona nyumba za Waislamu ambazo mkando wake wa mwisho ni wa udongo mtupu na jivu, na nyingine ambazo wenyewe hutandika mkeka safi juu ya sakafu iliyokauka wakaswali, na sala yao yasihi. Dini haikuwazuilia watu hawa ufundi wa mama zao. Imewataka tu wajue mipaka yake.

Katika boma moja nje ya mji tulikaribishwa na ajuza ambaye wajukuu zake wamemjengea nyumba ya matofali yenye mabati, dirisha la vioo na sakafu ya saruji. Tulimpongeza, naye akashukuru. Kisha akasema kwa Kiluo, na mjukuu wake wa kike akatufasiria: "Shehe, nyumba hii ni nzuri, haivuji na mchwa hawaili. Lakini haina kazi. Ile ya zamani, kila baada ya mavuno ilidai kupakwa, wakaja wake wa wanangu wote, huyu na maji, huyu na udongo, tukaimba mpaka jioni. Hii haimwiti mtu."

"Nyanya, si ni afadhali umepumzika?" mjukuu akamwuliza.

"Nimepumzika," akajibu, "na nimekaa peke yangu."

Maneno hayo tulitembea nayo safari nzima. Hatusemi kwamba matofali ni mabaya. Aliyewahi kubeba maji mtungi baada ya mtungi kutoka mtoni ili akande udongo hawezi kuambiwa kwamba saruji ni msiba. Lakini ni kweli pia kwamba ule mkando wa kila mwaka ulikuwa ni shule. Msichana wa miaka saba alianza kwa kuchekecha udongo, akiwa na kumi akapaka ukuta wa nyuma usioonekana na wageni, na alipoolewa alikuwa na mkono wake mwenyewe. Ukuta usiohitaji mtu kuurudia hauna nafasi ya kumfundisha mtu.

Siku ya nne tulipelekwa Thimlich Ohinga, kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Ni maboma ya mawe yanayokisiwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake zina urefu wa baina ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na hazina chokaa wala udongo wa kuzishika. Ni jiwe juu ya jiwe, kubwa na dogo, zikishikana kwa kupangwa tu. Sisi tuliozoea magofu ya Gede, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tuliliona hilo kuwa ajabu. Waliojenga si wao tu waliokaa humo. Vizazi vilivyofuata viliingia, vikarekebisha palipobomoka, vikaongeza. Ukuta huo umesimama kwa ustadi wa wajenzi wa kwanza, na pia kwa mikono ya waliokuja baadaye wakauona kuwa ni wao.

Kutoka Migori tulirudi Rongo, tukakata njia ya Rodi Kopany mpaka Homa Bay, mji ulio ukingoni mwa ziwa. Huko pambo liligeuka. Nyumba nyingi tulizoingia mjini ni za saruji, na ufundi wa wenyewe umehama ukutani ukaenda kwenye kitambaa. Kila kochi limevikwa, kila meza imefunikwa, hata redio ina kitambaa chake. Vingine vimefumwa kwa sindano ya ndoano, ile ya krosheti, na vingine ni vya bafta nyeupe iliyodariziwa maua ya rangi kali.

Ahali yetu alikaa na mama mmoja, mjane, alasiri nzima, akaja na maelezo haya. Kitambaa hufuliwa kwanza ili kiondoke dondo na kiruke kama kina kuruka, kisije kikajikunja baada ya kazi. Ua huchorwa kwa penseli, au kwa karatasi ya kaboni kwa asiyejiamini mkono. Kitambaa hukazwa katika fremu ya duara mpaka kilie kama ngoma kikipigwa kwa kidole. Uzi hukatwa usiozidi urefu wa mkono, kwa maana uzi mrefu hujifunga mafundo. Na upande wa nyuma huwekwa safi sawa na wa mbele, kwa sababu mnunuzi mjuzi hukigeuza kitambaa kabla ya kuuliza bei. Kwa vitambaa hivyo mama yule amewasomesha wanawe wawili. Mwenyewe hakulisema hilo kwa kujisifu. Alilisema akitafuta mkasi.

Kutoka Homa Bay tukafuata ukingo wa ziwa hadi Kendu Bay, mji mdogo wenye Waislamu wa tangu zamani. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, wafanyabiashara wa pwani na wa Kihindi walienea katika bandari ndogo za ziwa, na Kendu Bay ni mojawapo. Hata leo utasikia humo Kiswahili chenye ladha ya pwani, utanusa udi, na utaona leso zimefungwa viunoni pamoja na vitambaa vya kufuma kwenye makochi. Katika nyumba moja tuliona leso kuukuu zilizogeuzwa foronya za mito. Pambo hilo la nyumbani lilikuwa limekusanya desturi mbili bila kuzigombanisha.

Foronya hizo zilitukumbusha kisa ambacho wengi wenu mnakijua. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alitundika nguo mlangoni wakati Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, yuko safarini. Aliporudi akaiona, haikumpendeza. Akaivuta mpaka ikapasuka, na akaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuvika nguo mawe na udongo. Bibi Aisha hakuitupa nguo ile. Aliikata, akashona mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, wala Mtume hakumlaumu kwa hilo. Wanazuoni wamesema mengi juu ya hadithi hii, na wengi wao wameona makatazo yake ni ya kuchukiza, si ya kuharamisha. Lakini mama wa nyumbani atapata humo mambo mawili yaliyo wazi: kwamba nyumba haipambwi kwa israfu, na kwamba nguo iliyokosa kufaa mahali pamoja hufaa pengine ikipata mkono wa kuishona.

Watatuuliza wengine: tutachora nini, ikiwa sura za viumbe hatuzitaki? Jibu lipo ziwani humo humo. Katika kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kuna michoro ya kale katika mapango ya Mawanga na Kwitone, ambayo watu wa huko huinasibisha na Watwa, wawindaji waliotangulia. Ni ya rangi nyekundu na nyeupe, na iliyo mingi ni miviringo ndani ya miviringo, na mianzi kama ya jua. Na wahenga wetu wa Lamu, walipotia nakshi za chokaa katika zidaka zao, walitosheka na majani, mafundo na pembe. Kwa mistari, duara na jani, mtu hufika mbali sana.

Sasa tuje nyumbani. Tumechagua kazi tatu ambazo familia yaweza kuzifanya katika siku za mapumziko ya shule, kwa gharama ndogo.

Ya kwanza ni ukuta wa chokaa. Chukueni chokaa iliyokwisha kuzimwa, mwichuje, mwikoroge kwa maji mpaka iwe nzito kama maziwa, na mtie chumvi kidogo ili ishike. Uloweni ukuta kwanza, kisha mpake mara tatu, kila mara nyembamba, na ya kwanza ikauke kabla ya ya pili. Fungeni macho ya watoto kwa miwani na mikono kwa glovu, maana chokaa huunguza. Kwa utepe wa chini, tieni udongo mwekundu uliochekechwa laini katika chokaa hiyo, mkate umbo katika karatasi ngumu ya manila, mliegemeze ukutani na mgonge kwa sponji isiyolowa sana.

Ya pili ni kupiga chapa kitambaa kwa kiazi. Kateni kiazi kikubwa nusu, mchonge juu yake pembetatu, jani au hilali, na mkifute kikauke. Tandazeni rangi ya nguo juu ya sponji iliyo kwenye sahani, mgonge kiazi hapo na kisha kwenye pazia au shuka iliyokwisha kufuliwa. Rangi ikikauka kabisa, pigeni pasi upande wa nyuma ili isitoke. Mtoto wa miaka sita aiweza kazi hii, isipokuwa kisu na pasi.

Ya tatu ni mito ya leso kuukuu. Mji wa leso ufanyeni uso wa mto, na pindo liwe mkanda wa kuuzunguka. Jina likibaki salama, lishoneni mbele, ili wajukuu wasome nyanya yao alivaa maneno gani.

Twawausia jambo moja katika hizo zote. Msizifanye peke yenu. Mama atakayeifanya kazi usiku, watoto wamelala, ili asubuhi waione nyumba imependeza, atakuwa amepata pambo na kupoteza shule. Mwiteni binti, mwiteni shemeji, mwiteni jirani ambaye hajaingia kwenu tangu Idi. Ukuta wa nyuma mwachieni mdogo aukosee. Na mwakani, chokaa itakapofifia, msinung'unike. Waiteni tena.

Ajuza wa Migori, tulipomwaga, alimwagiza mjukuu wake aturudishie salamu kwa kina mama wa pwani. Nasi twazifikisha. Wabillahi tawfiq.