Nilisema Haiwaki

Wasee, kuna video yangu nimeifuta. Wengi mliisambaza, kwa hivyo siwezi kunyamaza tu nikasonga kama hakuna kitu.

Mnaikumbuka. Nilikuwa nimeshika simu yangu ya zamani, ile ya kushutia, betri imefura hadi kifuniko cha nyuma kimeinuka. Mmoja wenu alikuwa ameuliza kama betri iliyofura ni hatari. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, na nilikuwa nasomea kemia, basi nikajifanya mtaalamu. Nikatafuta karatasi ya usalama ya oksidi ya lithiamu na kobalti, poda nyeusi iliyo ndani ya betri nyingi za simu. Sehemu ya moto ilisema haiwaki. Nikawaambia hivyo hivyo: "Haiwaki, wacheni uoga."

Wiki mbili baadaye dadangu mdogo alikuja kunitembelea kejani. Usiku akaweka ile simu kwa chaji, akailaza juu ya godoro, akalala kando yake.

Niliamshwa na harufu tamu lakini kali, kama rangi ya kucha. Kisha mlio kama wa soda ikifunguliwa, moshi, halafu moto. Nikamvuta dadangu kwa mguu. Nikazima soketi, nikatupa blanketi juu ya simu. Manze, moto uliendelea chini ya blanketi! Kilichotuokoa ni ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Dadangu amebaki na kovu mkononi. Anasema si neno. Kwangu ni neno.

Nilirudi kusoma ile karatasi nikitafuta mahali ilinidanganya. Haikunidanganya. Mimi ndiye niliuliza swali baya.

Ukiwasha kiberiti kwa ile poda peke yake, haitashika moto. Kuni huwaka kwa sababu zinachukua oksijeni hewani, lakini oksidi ni chuma ambacho tayari kimeungana na oksijeni. Shida inaanza ukichaji. Lithiamu inatoka kwenye ile oksidi na kuhamia upande wa pili wa betri, na oksidi inayobaki haishiki tena oksijeni yake vizuri. Joto likifika karibu digrii 200, inaanza kuiachilia. Na pale kando yake kuna nini? Kimiminika cha betri, ambacho chenyewe kinawaka vizuri sana.

Ni kama yule msee wa mtaa ambaye hapigani, lakini anawagawia wengine mawe. Ukimpima kwa ngumi zake tu, utasema ni mtu wa amani.

Ndio maana betri iliyojaa chaji ni hatari kuliko iliyoisha. Ndio maana pia blanketi langu halikusaidia: lilifungia joto ndani, na sehemu ya oksijeni ilikuwa inatoka kwa betri yenyewe. Na kule kufura ni gesi, ishara kwamba vitu vimeanza kuharibika ndani.

Hii teknolojia si ya jana. John Goodenough na wenzake walionyesha kazi ya hii oksidi kule Oxford mwaka wa 1980, Sony wakauza betri zake 1991, na Goodenough akapata Nobel 2019 pamoja na wenzake wawili. Bado mwaka wa 2016 Samsung, na maabara zao zote, walilazimika kurudisha simu za Galaxy Note 7 kwa sababu betri zilikuwa zinashika moto. Mimi na bando ya shilingi ishirini ni nani wa kusema "wacheni uoga"?

Kwa hivyo usiishie kuuliza kama kitu kinawaka. Uliza pia kimekaa kando ya nini, na joto likipanda kitatoa nini.

Najua betri mpya ni doo. Lakini ikifura, usiichaji tena, usiitoboe, usiikalie. Zima simu, iweke juu ya simiti mbali na nguo na godoro, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki, sio kwa pipa. Hata simu nzima, ichaji mezani, sio kitandani. Ikishika moto, toa watu kwanza na usivute ule moshi, ni sumu. Kama moto bado ni mdogo, kata stima kisha umwagie maji mengi uipoze.

Nilimtafuta yule aliyeuliza. Akaniambia alikuwa amerudi kuichaji kila usiku, chini ya mto, kwa sababu nilisema ni sawa. Nilikaa na hiyo meseji muda mrefu kabla ya kujibu.

Kama ulisambaza ile video, tafadhali sambaza na hii. Watumie wale wale.