Namba zinazoeleza kwa nini mdogo wangu analala sana

Nimekuwa kimya hapa wiki tatu hivi, kazi zilinilemea. Leo nataka kuwaonyesha hifadhidata moja ambayo haihusu benki wala duka la mtandaoni. Inahusu ubongo, na inatoka katika maabara ya chuo kikuu huko Marekani.

Maabara hiyo inaongozwa na Bryan Roth, mtu aliyesomea udaktari wa magonjwa ya akili kabla ya kuzama katika kemia ya ubongo. Alianzia kazi hii Case Western Reserve University, mjini Cleveland, na katikati ya miaka ya 2000 akahamia University of North Carolina, Chapel Hill. Kwa fedha za taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya akili, maabara yake ilifanya jambo ambalo sisi watu wa programu huria tutalielewa haraka. Mtafiti wa chuo angetuma kemikali yake, wao wangeipima bure dhidi ya vipokezi vingi vya ubongo. Matokeo, pamoja na yale yaliyokusanywa kutoka machapisho ya wengine, yaliwekwa wazi mtandaoni. Makumi ya maelfu ya namba! Yeyote mwenye tarakilishi angeweza kuzipakua.

Kipokezi ni nini? Seli za ubongo huzungumza kwa kemikali: dopamini, serotonini, histamini na nyinginezo. Kila kemikali ina mahali pake pa kutua juu ya seli ya pili, na hapo ndipo paitwapo kipokezi. Dawa nyingi za akili hufanya kazi kwa kukalia vipokezi hivyo, ama kuviwasha ama kuvizuia.

Sasa utajuaje dawa inakalia kipokezi gani, na kwa nguvu gani? Chukulia matatu ya viti 14. Unaijaza abiria waliovaa yale makoti ya kung'aa ya watu wa bodaboda, kisha unaruhusu abiria wasio na makoti wagombanie viti hivyo hivyo. Baada ya muda unawashusha wote waliosimama na kuhesabu makoti yaliyobaki vitini. Yakibaki machache, basi wale wageni ni wakali wa kunyakua viti.

Maabara hufanya hivyo hivyo. Seli hutiwa jeni ya kipokezi kimoja cha binadamu, huoteshwa kwa wingi, kisha husagwa. Vipande vya utando wake hugawanywa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Halafu hutiwa kemikali yenye mionzi kidogo (hao ndio wenye makoti) na dawa inayochunguzwa kwa viwango tofauti. Mchanganyiko huchujwa, na mashine huhesabu mionzi iliyobaki kwenye kichujio.

Kutoka hapo unapata kiwango cha dawa kilichofukuza nusu ya mionzi, kinachoitwa IC50. Cheng na Prusoff walitoa mwaka 1973 kanuni ya kukigeuza kuwa namba inayoweza kulinganishwa: Ki = IC50 / (1 + L/Kd). L ni kiasi cha kemikali yenye mionzi uliyotia, na Kd ni jinsi yenyewe inavyoshika. Mstari mmoja tu wa Python! Ki huandikwa kwa nanomola, na isomeni kama nafasi ya mwanafunzi darasani: namba 1 ni mkali kuliko namba 40. Ki ndogo maana yake dawa inashika kwa nguvu.

Sasa niwaambie kwa nini namba hizi zinanihusu.

Mdogo wangu ana skizofrenia. Alianza kusikia sauti akiwa mwaka wa pili chuoni. Dawa ya kwanza aliyopewa ilikuwa haloperidoli. Sauti zilipungua, lakini mwili ukakakamaa na mikono ikatetemeka hata hakuweza kujinyoa. Daktari akambadilishia, akampa olanzapini. Kutetemeka kukaisha. Akaanza kulala. Alilala mpaka saa tano asubuhi, akaamka akitafuta chakula, akala akarudi kulala. Kwa miezi kadhaa suruali yake ikatoka saizi 32 ikafika 38.

Pale nyumbani maneno yakaanza. Mama alisema kijana amekuwa mvivu na mlafi, na kwamba ugonjwa umegeuka kisingizio. Mjomba akanivuta kando akaniambia, "Mpwa wangu, hizo tembe zinammaliza mtoto. Zitupeni, mumpeleke kwa maombi." Mdogo wangu alikuwa anasikia yote hayo kupitia ukuta wa mabati. Siku moja aliniuliza, "Kaka, ni mimi ama ni dawa?"

Swali zuri, na lilinipeleka kwenye zile namba.

Olanzapini imeandikiwa Ki ya nanomola 11 hadi 31 kwenye vipokezi vya dopamini, D1 hadi D4. Hapo ndipo inapotuliza sauti. Lakini kwenye kipokezi cha histamini kiitwacho H1, Ki yake ni 7. Yaani inakishika kipokezi hicho kwa nguvu zaidi kuliko vile vya dopamini. Na H1 ya ubongo kazi yake mojawapo ni kukuweka macho. Mnaijua Piriton, ile tembe ya mafua na mwasho inayokulaza hata mchana? Piriton inazuia H1. Basi mdogo wangu kila siku alikuwa ni kama mtu aliyemeza Piriton, halafu tunamwita mvivu.

Haloperidoli ni kinyume. Inashika D2 kwa nguvu sana, Ki karibu na 1, na H1 inaigusa kwa unyonge mno. Ndiyo maana haikumlaza vile. Lakini kuzuia D2 kwa nguvu hivyo, bila kinga nyingine, ndiko kunakoleta kukakamaa na kutetemeka.

Na ule mwili je? Mwaka 2003 Wesley Kroeze, Roth na wenzao walichukua dawa 17 za aina hii wakazipima kwenye vipokezi 12, kisha wakalinganisha Ki na uzito ambao wagonjwa waliongeza. Kipokezi kilichohusiana zaidi na kunenepa kilikuwa H1: uwiano wa -0.72. Alama ya kutoa hapo isiwababaishe. Ki ikishuka, kilo hupanda.

Wazee wa fani wasingeshangaa sana. Klopromazini, ambayo wengi wanaijua kama Largactil, ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1950 katika ukoo wa dawa za kuzuia histamini. Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Usingizi uliingia katika dawa hizi mlango mmoja na tiba.

Niliichora grafu ya dawa tano, mistari miwili kwa kila dawa: D2 na H1. Nikaichapisha kwenye karatasi, nikampa Mama. Hakuuliza nanomola ni nini. Aliuliza, "Kwa hivyo huu usingizi si wake?" Nikamwambia, Mama, kiasi kikubwa si wake. Alinyamaza kitambo, kisha akaenda kumwekea chakula. Siku hizo hakuwa anamwekea.

Kliniki tulimpelekea daktari karatasi ile ile. Alicheka kidogo, akasema haya anayajua, ila ni mara ya kwanza familia kumletea. Kisha tukazungumza vizuri. Tembe zikahamishiwa usiku, tukaanza kupima uzito na sukari kila miezi mitatu, na dozi ikapunguzwa polepole chini ya macho yake. Mdogo wangu sasa anaamka saa mbili. Bado ni mnene. Anameza dawa yake bila kusukumwa, na kwangu hilo ndilo kubwa, kwa sababu akiiacha ghafla sauti hurudi.

Sasa tahadhari, maana najua kuna mmoja wenu atataka kuandika programu ya kuchagua dawa. Usifanye hivyo.

Kwanza, data yenyewe ina vumbi. Dawa moja ina safu nyingi: nyingine zimepimwa kwenye ubongo wa panya, nyingine kwenye kipokezi cha binadamu, na namba zinatofautiana. Ukichukua wastani bila kusoma safu inayotaja chanzo, umeharibu.

Pili, Ki inasema dawa imekalia kiti. Haisemi inafanya nini ikishakaa. Fenfluramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 baada ya kuharibu vali za moyo. Mwaka 2000 Roth na wenzake walionyesha kwamba kile ambacho mwili unaigeuza kuwa hukiwasha kipokezi cha serotonini kiitwacho 5-HT2B, kilichopo kwenye vali hizo. Kukiwasha ndiko kulikoleta madhara. Dawa inayokizuia ingeweza kuwa na Ki nzuri vile vile, na isifanye hivyo.

Tatu, sahani ya vishimo 96 haina ini, haina dozi, haina mama wala mjomba. Mtu anayo yote hayo.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anayetumia dawa hizi, msimwachishe kwa sababu ya jambo mlilosoma hapa. Nendeni na maswali haya kwa daktari. Je, usingizi huu unatokana na dawa? Je, inaweza kumezwa usiku? Nani anapima uzito na sukari, na lini? Na kabla ya kumwita mtu mvivu, ulizeni kwanza tembe yake imekalia kiti kipi.

Mwenye swali kuhusu ile grafu aniandikie, nitamtumia faili.