Kitabu cha Mpelelezi na Mshitakiwa



Alhamisi tatu sasa, tukimaliza kuhesabu feza za likelemba, hakuna anayekimbilia nyumbani. Sombe inangoja. Mwenzetu mwalimu anafungua kitabu chake cha Kifaransa, anasoma na kutugeuzia kwa Kiswahili. Ni hadithi ya mama Mwingereza, Dorothy L. Sayers, iliyotoka mwaka 1930.

Harriet Vane, mwandishi wa vitabu, aliishi na mwanaume bila ndoa, kwa sababu mwanaume mwenyewe alisema haamini ndoa. Siku moja akageuka: sasa nitakuoa. Kumbe alikuwa anampima! Harriet akakasirika, akamwacha. Baadaye mwanaume akafa kwa sumu ya arseniki. Na Harriet alikuwa amenunua sumu ileile kwa jina la uongo, ili ajue namna ya kuiandika kitabuni.

Mpelelezi, Lord Peter Wimsey, anamwona mahakamani na kumpenda palepale. Anamfuata gerezani, anasema anataka kumwoa. Tulicheka sana. Mama mmoja akauliza: mahari atampa nani, mlinzi wa gereza?

Kicheko kiliisha tuliporudia maneno ya hakimu. Anakumbusha watu kwamba huyu mwanamke aliishi na mwanaume bila ndoa, kana kwamba hiyo ndiyo sumu. Kwetu huku Kivu, mwanaume akifa ghafla, matanga hayajaisha, utasikia: ni karuho. Na macho yote kwa mjane. Mwenzetu mmoja yalimpata. Wakwe walimtoa nyumbani na watoto na sufuria mbili. Sisi nasi, tuseme ukweli, wiki zile baadhi yetu tuliogopa kunywa chai yake. Siku hiyo alikuwa ameketi kati yetu, anachambua maharagi, hakuinua kichwa.

Harriet hakuokolewa na mapendo peke yake. Kati ya raia 12 walioitwa kuamua kesi yake kulikuwa mama mzee asiyeolewa, Miss Climpson. Alikataa katakata kusema ana hatia, hivyo hawakupatana, na kesi ikapangwa kusikilizwa upya. Mwingine, Miss Murchison, karani, alijifunza kufungua kufuli, akaingia kazi katika ofisi ya avoka ili atafute karatasi. Muuaji hatumtaji, wengine bado hawajafika huko.

Mwishoni Harriet yuko huru, na bado hajakubali kuolewa. Hapo tuligombana. Wengine: mwanaume amekutoa kwenye kamba, unangoja nini? Wengine: ndoa ya kulipa deni ni ndoa gani? Ndipo mjane wetu akasema, na ndiyo mara yake ya kwanza:

«Mwacheni kwanza alale usingizi.»

Mwalimu anasema Harriet atakubali, ila katika kitabu kingine, cha mwaka 1935. Tunakitafuta. Mwenye nacho akilete Alhamisi, pamoja na likelemba yake.