Power Rangers wa Banda la Video

Najua wengine mnasubiri nimalizie ile stori ya foleni ya bum. Itakuja tu. Wiki hii nimeangalia tena muvi moja ya utotoni na imenikaa kichwani mpaka kwenye vipindi.

Muvi yenyewe ni Mighty Morphin Power Rangers: The Movie, ya mwaka 1995. Ni vijana sita wa mji wa Angel Grove wanaovaa mavazi ya rangi rangi na kupigana na mazimwi ya anga za juu. Ilitokana na kipindi cha watoto kilichoanza kwenye TV za Marekani mwaka 1993. Kipindi chenyewe kilikuwa kinachukua vipande vya mapigano kutoka kipindi cha Kijapani, Zyuranger. Yaani Mmarekani akishavaa helmeti tu, ndani anayerusha mateke ni Mjapani! Ila hii muvi ilipigwa upya, kule Sydney, Australia.

Tuseme ukweli wajameni, ni kituko. Adui anaitwa Ivan Ooze (Paul Freeman), kapakwa zambarau mwili mzima, anafukuliwa kwenye kitu kama yai baada ya kufungiwa miaka 6,000. Yale maroboti ya mwisho utadhani gemu la kwenye simu ya mchina. Halafu wakati wa kugawana nguvu za wanyama, wenzake wanapata dubu na mbwa mwitu, Adam anaambulia chura. Chura jamani! Mshikaji ninayekaa naye rumu alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sisi tuliokulia Tunduma hii kitu hatukuiona kwenye TV. Tuliiona kwenye banda la video, kama 2011 hivi, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Mbeya, maana Songwe imezaliwa 2016. Kiingilio shilingi mia. Mabenchi ya mbao, joto, na nje malori yamepanga foleni ya kuingia Zambia. Nchi nzima watu walikuwa wanamjua Lufufu kwa kutafsiri muvi za nje kwa Kiswahili. Sisi tulikuwa na wa kwetu, jamaa mmoja anakaa kona na maiki, anapunguza sauti ya deki na kutuhadithia anavyojua yeye. Mwishoni Ivan alipogongwa na kimondo, jamaa akatangaza kwamba kipande chake ndicho kile kilichoangukia Ndolezi, kule Mbozi. Tuliamini kabisa! Wale tuliopelekwa na shule kukiona, lile dude la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, tulikuwa tunatafuta alama za meno.

Lakini kilichonifanya niandike ni kipande kingine. Ivan anagawa ute wa zambarau bure kwa watoto. Wanaubeba nyumbani, wazazi wanaushika, wanapumbazika. Wanaacha nyumba na watoto, wanakwenda kumchimbia mitambo yake iliyofukiwa. Hapo jamaa wa maiki alisema, "Hawa wazazi wamelishwa kwacha! Hawakumbuki hata kama wana watoto!"

Siku hiyo sikucheka. Mama alikuwa anavuka Nakonde na mchele wake kabla hakujapambazuka, anarudi usiku na kwacha zile za zamani zenye sifuri nyingi. Anazihesabu kitandani mpaka tunalala. Kwa hiyo yule mtoto Fred alipokwenda kumtafuta baba yake, mimi nilikuwa naangalia habari za nyumbani kwetu. Watoto wanawazuia wazazi wao kwa mpira wa maji wasijirushe korongoni, na mimi nawaza, mpira wa hivyo unapatikana wapi?

Safari hii nimeangalia kwa Kiingereza, hakuna mtafsiri. Kwacha hakuna. Nimerudisha nyuma mara tatu, hakuna. Ni uchawi tu, na Ivan akifa wazazi wanazinduka, wanakumbatia watoto, fataki zinalipuka. Yaani kile kilichoniliza utotoni kiliwekwa na jamaa wa Tunduma aliyekuwa anajua watoto waliokaa mbele yake ni wa nani.

Jioni nikampigia mama. Baada ya shikamoo nikamsimulia muvi nzima, mpaka na maneno ya yule jamaa. Akacheka. Akaniuliza, "Na ile mia ya kuingilia ulikuwa unaipata wapi?"

Nikamwambia, si nilikuwa naikuta mezani.

"Nani alikuwa anaiweka? Nilikuwa nakuachia ukae humo bandani mpaka nirudi. Bora uwe humo kuliko kule kwenye malori. Na yule kijana nilimwambia asikufungulie mlango kabla ya giza."

Duh. Nilibaki na simu sikioni. Miaka yote hiyo nilidhani nimetoroka kwenda video.

Jason David Frank, Tommy wetu, alifariki 2022. Banda nasikia sasa ni duka la vifaa vya simu. Ila kwangu Ranger wa kwanza alikuwa anavuka mpaka na gunia la mchele, na mavazi yake yalikuwa khanga mbili.

Haya wadau, nyie mlikuwa Ranger wa rangi gani? Wa chura asijifiche. Mimi narudi kwenye msuli, Jumatatu kuna test na sitaki supu.